Kitabu Kimoja Alichokinyamazia

Mwalimu wa standadi tatu alikuwa mama mwenye maoni juu ya kila kitabu alichokimaliza, na maoni yenyewe hayakuwa na adabu. Nilifundisha naye shule moja huko Tetu kwa miaka kumi na minne. Vitabu vya wazungu, vya mawaziri, vya mapadre, vya madaktari, vyote vilipita mikononi mwake na kila kimoja kilipata chake. Kimoja tu ndicho alichokinyamazia, na hicho nilikiandika mimi. Ukifikiri basi nilipona, wewe hukumjua mwalimu yule.

Nitamweleza kama nilivyomjua, huku kidogo na kule kidogo. Mtu akitaka mpangilio aende kwa wanaoandika wasifu wa wakubwa.

Kwanza, hakusoma hadithi za kubuni. Mwenzetu mmoja alimletea riwaya aliyokuwa akiisifu wiki nzima, mpaka machozi yakamlengalenga. Mwalimu alikaa nayo usiku mmoja akairudisha asubuhi.

"Hii mambo haikufanyika," alisema. "Sasa nikilia, ninalilia nani?"

Yeye alitaka mambo yaliyofanyika kweli. Kila Jumamosi ya pili, akishapeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, alishika njia kwenda maktaba ya Nyeri mjini kwa miguu, gumbuti zake za mpira miguuni na sweta ya kijivu yenye kiraka kiwikoni. Kurudi, alitembea huku anasoma. Wenye baiskeli walimjua, wakamkwepa wao. Miwani yake ilikuwa imeshikwa kwa uzi mweusi upande mmoja, na kila mwaka alisema ataipeleka itengenezwe.

Siku ya maoni ilikuwa Ijumaa, chai ya saa nne. Hedimasta wetu alitoka upande wa Busia, hakujua Kikuyu hata cha kuombea maji, kwa hiyo ofisini tulizungumza Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha mlimani kweli kweli, watu wa pwani wangetukimbia, lakini kilitutosha. Mwalimu alikuwa akingoja kila mtu apate kikombe, halafu anatoa kitabu kwenye kikapu na kukiweka mezani. Akikilaza kifudifudi, tulijua kimeanguka mtihani. Katika miaka yangu yote pale niliona vinne tu vikilala chali.

Nakumbuka kile cha mama mmoja mzungu aliyekuwa na shamba kubwa Kieni kabla ya uhuru. Kilikuja kifudifudi, kwa kishindo.

"Huyu mama ameishi hapa miaka thelathini," Mwalimu alianza. "Ako na mbwa tisa, wote wako na majina. Farasi wako na majina. Mpishi anaitwa mpishi mpaka ukurasa wa mwisho. Miaka thelathini anapikiwa na mtu hana jina!"

"Pengine alisahau, Mwalimu," Hedimasta akasema. Alikuwa mtu wa kupatanisha.

"Mbwa hakusahau."

Kingine kilikuwa cha wanaume watatu waliopanda Mlima Kenya. Alikisoma siku mbili tu, akaja nacho akicheka peke yake mlangoni.

"Wanasema walikuwa peke yao juu huko, wao na Mungu. Halafu ukurasa unaofuata wanakunywa chai moto na mayai ya kukaanga. Ati peke yao! Mayai ilipanda mlima na miguu yake?"

Cha waziri mmoja alikimaliza kwa sentensi moja: mheshimiwa alikuwa amejisifu mpaka mamake akakosa mahali pa kusimama. Cha daktari aliyefundisha kulea watoto wachanga, kwamba mtoto akilia usiku aachwe alie, alikishika kwa vidole viwili. Akatuuliza huyo daktari alikuwa akilala nyumba gani. Hedimasta alicheka mpaka chai ikampalia.

Nilichowahi kumwona akikisifu kwa moyo wote kilikuwa kitabu kidogo cha nyuki, cha padri fulani. Alikilaza chali, akakipapasa.

"Huyu ameumwa," alisema. "Unaona kabisa ameumwa. Tena anasema 'sijui' mara nyingi. Mtu akikubali hajui, mimi nitamwamini pale anasema anajua."

Sasa usidhani alikuwa mtakatifu. Alituhubiria kuhusu watu wanaochafua vitabu vya maktaba, na yeye mwenyewe alikuwa akipiga mistari ya penseli kila ukurasa, na pembeni anaandika "Uongo" au "Wapi?" kwa mwandiko wake wa ubaoni. Alichukia uongo wa kuchapwa, lakini mkaguzi wa elimu alipokuja alimwangalia usoni akamwambia vyoo vyetu vyote vilikuwa vizima. Kulikuwa na kitabu cha kupogoa kahawa alichokiita kazi ya mtu mwenye kucha safi. Jumamosi moja nilipita kwake nikamkuta shambani na makasi, kitabu kile kile kimefunguliwa juu ya udongo, anafuata picha moja baada ya nyingine. Nilimcheka sana.

"Wacha kucheka, wa Kagio," aliniambia. Mimi kwetu ni Kagio, na tangu wiki ya kwanza hakuwahi kuniita jina lingine. "Kusema kitabu ni mbaya si kusema haina kitu. Si hata wewe uko na makosa na tunakunywa chai na wewe?"

Akanipa gunia nimsaidie kukusanya matawi.

Kwa watoto wa darasa lake hakuwa mkali hata kidogo. Mtoto akikwama kwenye neno, alimngojea, darasa zima limenyamaza, hata dakika tatu. Sijui alipata wapi subira hiyo, maana waandishi hakuwa akiwangojea.

Nyumbani alikuwa yeye na binti yake mmoja tu. Mumewe alichukuliwa miaka ya Hali ya Hatari, kabla ya uhuru, binti akiwa angali mgongoni, na hakurudi. Hilo nililijua kama kila mtu alivyolijua, na kama kila mtu sikuliuliza. Miaka ile ndivyo tulivyoishi. Kanisani waliketi benchi moja aliyechoma nyumba na aliyechomewa, wakipokezana kitabu cha nyimbo, na serikali ilikuwa imetuambia tusahau. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kumtaja mumewe mbele yetu. Vitabu vyote vilivyoandikwa juu ya vita vile vya msituni, vya kudai uhuru, alivisoma, nilijua kwa sababu nilimwona navyo njiani, lakini hivyo hakuvileta kwenye chai.

Binti yake alikuwa mrefu, mwenye akili kali, na mamake alimlea kwa vitabu. Katika nyumba ile ubishi haukuishia kwenye kelele. Wakibishana kama popo ni ndege, au mto fulani unaanzia wapi, mama alikuwa akisema, "Lete kitabu," na binti anakimbia kuleta, na mwenye kitabu ndiye aliyeshinda. Nilikuwa nikiwaonea wivu wote wawili.

Sasa nifike kwangu, maana siwezi kuzunguka milele.

Kama miaka kumi baada ya uhuru nilishikwa na hamu ya kuandika historia ya lokesheni ile, eneo lote la Tetu. Nilikuwa kijana bado, najua kila kitu. Mwishoni mwa wiki nilienda kwa wazee na daftari, nikaandika habari za njaa za zamani, za shule ya kwanza, za barabara, na mwishowe za vita. Mzee mmoja aliyekuwa amebaki na meno mawili alinisimulia siku nyumba kumi na moja zilipochomwa ng'ambo ya mto. Walioenda kuchoma walikuwa homugadi, wenzetu weusi waliopewa bunduki na wazungu wawalinde. Nikamwuliza ni nani aliyewaonyesha njia.

"Wachira," akasema. "Yule mjukuu wa Wachira."

Nikaandika hivyo hivyo: Wachira, mjukuu wa Wachira, ndiye aliyewaongoza homugadi. Nilimjua Wachira mmoja tu pale, na hata huyo nilimjua kwa jina. Alikuwa mume wa Mwalimu.

Jamani, mimi! Mtu wa Kagio, mwenye binamu watatu walio na jina langu lile lile! Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya babake. Ndugu wanne wakizaa, unapata akina Wachira wanne, wote wajukuu wa Wachira, wote na haki yao. Hata mtoto wa standadi moja akitajiwa jina anajua kuuliza, "Wa nani?" Mimi na elimu yangu yote sikuuliza wa nani.

Na Mwalimu je, ambaye nilikunywa chai naye kila siku ya kazi, meza moja, sukari moja? Nilijiambia kumwuliza ni kumwaibisha. Nilijiona hata mwema, kwa sababu sikuandika popote kwamba huyo Wachira aliacha mke na mtoto. Niliita hiyo heshima. Ilikuwa woga, na leo sioni haya kulisema, maana haya zenyewe nimezimaliza.

Kitabu kilichapwa mjini, kidogo, jalada la kijani. Wazee walifurahi, shule za karibu zilikinunua, padri alikitaja kanisani. Mwalimu nilimpa nakala yenye sahihi yangu. Ijumaa ilipofika nilienda ofisini mapema nikajipangusia kiti. Akatoa kwenye kikapu kitabu cha magonjwa ya kuku. Ijumaa iliyofuata, kitabu cha reli. Iliyofuata, sijui nini. Hedimasta, maskini, akamwuliza waziwazi, "Mwalimu, na cha ndugu yetu hapa?"

"Bado," akasema, akaongeza maziwa kwenye chai yake.

Nilidhani anaona aibu kwa ajili ya mumewe. Nilimhurumia! Mimi ndiye niliyemhurumia yeye!

Mwaka ule binti alikuwa akimaliza mafunzo ya uuguzi, na kulikuwa na kijana wa ng'ambo ya mto aliyemtaka. Wazee wa kijana walikuwa wameshakuja mara moja kubisha hodi, wakala, wakaahidi kurudi. Nyumba ya babu wa kijana ilikuwa mojawapo ya zile kumi na moja. Kitabu kilipotoka hawakurudi. Hapakuwa na ugomvi wala barua. Kabla ya Krismasi binti alichukua kazi Nanyuki, na Krismasi yenyewe hakuja nyumbani, wala ile iliyofuata. Watu walisema ni kazi, wauguzi hawana sikukuu. Nilikubaliana nao haraka sana.

Mwalimu aliendelea kuleta vitabu, lakini maoni yake yalipungua urefu. Siku nyingine alikilaza kitabu kifudifudi akanywa chai bila kusema kitu.

Miaka ikapita hivyo. Nikahamishiwa shule moja upande wa Kieni, nikamwacha Tetu amebakiza muda mfupi kustaafu. Siku moja ya soko nilienda Chaka kununua kondoo. Muuzaji alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya kulinda masikio, mchangamfu, anamtania kila mtu. Kijana aliyekuwa karibu akanisalimu kwa cheo, akamwambia mzee kwamba huyu ndiye mwalimu aliyeandika kile kitabu cha kijani cha Tetu. Mzee akaacha kamba ya kondoo, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ati ni wewe?" akasema huku akicheka. "Ni wewe uliniandika!"

"Nilikuandika wapi, mzee?"

"Si mimi ndio Wachira! Wachira wa Muriithi, nilihama Tetu zamani. Ile siku ya kuchoma nyumba. Mimi ndio nilionyesha hao watu njia."

Nikamwambia Wachira niliyemwandika alikuwa mume wa mwalimu wa Tetu.

"Huyo alikuwa wa Ndirangu. Binamu yangu. Babu yetu ni mmoja, jina ni moja. Huyo hakuonyesha mtu njia. Huyo alikuwa anapelekea watu wa msitu chakula."

"Na wewe ulijua watu wanafikiri ni yeye?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto. "Ukiandikwa vibaya halafu mwingine abebe, wewe utakimbia kuidai? Na nani aliniuliza?" Halafu kicheko kikamwishia. Akaokota kamba ya kondoo, akaiangalia. "Hata kwake ni mimi niliwapeleka, wakamchukua," akasema. "Siku hiyo hiyo. Wacha tu."

Kondoo sikununua. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu soko lilikuwa baya.

Ningependa kuandika kwamba kesho yake nilikuwa Tetu. Nilikaa miezi miwili. Nilikuwa na homa, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, mvua ilikuwa nyingi. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja kinyume, na mimi nilikuwa naye mgongoni muda huo wote nikienda naye darasani. Mwisho niliona nitaugua kweli, nikaenda.

Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye jua, sweta ile ile, kitabu mapajani. Kilikuwa kimefunguka juu chini. Hapo ndipo nilipojua macho yalikuwa yamekwisha. Walikuwa wameniambia ana shida ya macho, na mimi nikadhani ni ile miwani ya uzi.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Wa Kagio." Akapapasa akanisogezea kigoda. "Keti. Jirani ananisomea Jumapili, lakini anaruka maneno ngumu kama mtu anaruka matope. Sasa kitabu ikiisha sijui kama imeisha ama ni yeye amechoka. Umeniletea kitabu?"

"Nimeleta kosa," nikasema.

Nikamweleza yote. Mzee wa meno mawili, Chaka, kondoo, Wachira wa Muriithi, mpaka lile neno lake la mwisho. Sikumficha hilo. Alisikiliza mikono yake ikiwa imetulia juu ya kitabu.

"Bado ako hai?" akauliza.

"Ako hai. Anauza kondoo."

"Mm. Kondoo."

Kuku mmoja aliingia ndani, akamfukuza kwa mguu bila kugeuka.

"Mwalimu, kwa nini hukuniambia? Ningesahihisha. Ningeandika hata gazetini."

"Ulikuwa unakunywa chai na mimi kila siku saa nne," akasema polepole. "Nilijua unaandika. Kila mtu alijua. Ukienda kwa wazee na daftari yako nilisema, huyu akimaliza wazee atakuja kwangu. Nikangoja. Nilikuwa hata nimepanga nitaanza na nini. Ningeanza na vile alikuwa anapiga mluzi. Akitoka shambani ungemsikia kabla hujamwona. Halafu kitabu ikatoka."

Mimi si mtu wa kulia. Nililia pale kama mjinga, na yeye akaniacha nilie. Alikuwa akiningojea, kama alivyokuwa akiwangojea watoto wa standadi tatu.

"Hiyo ya wale wazee kuvunja posa, hiyo ningebeba," akaendelea. "Wanaume wako wengi. Lakini yule mtoto mwenyewe. Alikuja nyumbani na kitabu yako mkononi, akina mama wa kanisa wako hapa ndani wamekuja kunitembelea. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni uongo, babako hakuwa hivyo. Unajua aliniambia nini? Aliniambia, 'Mama, lete kitabu.'"

Akakipapasa kitabu mapajani.

"Sasa ningeleta gani? Kitabu ilikuwa moja tu. Ilikuwa yako. Akasema mimi ni mwongo, namtetea kwa sababu nilimpenda. Mbele ya watu. Akachukua begi yake. Ni mimi nilimfundisha, wa Kagio. Nilimfundisha mdomo si kitu, aamini kitabu."

Sijui ni shetani gani aliyenituma, au pengine nilitaka kuadhibiwa tu. Nikamwambia, "Mwalimu, hukuwahi kunipa maoni yako. Nipe sasa."

"Ni kitabu nzuri," akasema.

Nilitaka kumkatiza, akainua mkono.

"Ni nzuri. Nimesoma mara nne kabla macho hayajaenda. Ile ya njaa, ile ya barabara, hakuna mtu ameandika hivyo. Unaandika vizuri sana. Ungekuwa umeandika vibaya, mtoto wangu hangeamini. Angekuwa hapa."

Jua lilihama kutoka miguuni mwake. Mwishowe nikamwomba karatasi, nikaingia ndani nikakaa mezani pake nikamwandikia binti barua. Nilipomaliza nikamsomea kwa sauti.

"Toa hapo unasema unasikitika sana," akasema. "Hiyo ni yako, mwambie padri. Weka jina yote: Wachira wa Ndirangu. Weka alikuwa anapeleka chakula. Weka nani alikuambia, na wapi, na alikuwa anafanya nini."

"Hata kondoo?"

"Hata kondoo. Asikuwe na cha kuuliza."

"Niweke na mluzi?"

Alifikiri. "Hapana," akasema. "Hiyo nitamwambia mwenyewe."

Niliandika upya, nikamsomea tena, akatingisha kichwa kukubali. Kesho yake niliipeleka Nanyuki kwa mkono. Sikutaka ikae posta.

Binti alitoka kwenye lango la nyumba za wauguzi akiwa na sare, saa imebandikwa kifuani. Alinitambua, hakunisalimu. Nikampa barua. Aliisoma amesimama, mpaka chini, akarudi juu akaisoma tena, polepole zaidi. Sura yake ilikuwa ya mamake kabisa akiwa na kitabu njiani. Kisha akaikunja ikawa ndogo sana.

"Nilimwita mwongo," akasema. "Mbele ya akina mama wa kanisa. Miaka minane, Mwalimu. Nitaingia pale nikisema nini?"

"Anakungojea."

"Nitaingia nikisema nini?" Alilisema tena kama mtu anayeuliza njia kweli. Halafu akaniambia yuko zamu, akarudi ndani, na barua ameshika.

Nilirudi Tetu siku ya pili mchana. Njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno mazuri ya kumwambia, na sikuyapata. Alikuwa pale pale mlangoni.

"Aliisoma?" akauliza kabla sijaketi.

"Aliisoma."

"Mpaka mwisho?"

"Mara mbili."

Uso wake ulibadilika. Sikuwa nimeuona ukiwa hivyo tangu kitabu cha nyuki. "Mara mbili," akasema. "Kitabu yako aliisoma mara moja tu, akabeba begi." Akanigeukia. "Anakuja lini?"

Hapo ikabidi nimweleze. Sikupunguza neno. Nikamwambia binti anasema ataingia nyumba hii akisema nini. Nilingoja avunjike, na nilikuwa tayari hata kumshika asianguke.

Alitoa kitabu mapajani akakiweka chini.

"Kuna basi ya Nanyuki saa hii?" akauliza.

"Iko ya saa tisa, kutoka mjini. Lakini Mwalimu, macho yako."

"Siendi kumsomea. Yeye asiseme kitu, hakuna mtu amemwambia aseme kitu. Mimi ndio niko na ya kusema, nimekaa nayo tangu akiwa mgongoni." Alikuwa ameshasimama, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango. "Viatu viko chini ya kitanda, vile vya kanisa. Nipee, wa Kagio. Haraka, tutaachwa."

Nikaingia nikavileta, nikapiga magoti nikamfunga kamba.